NANI ANALINDA NJIA?
Safari fupi mpaka Miti, penye barabara mbili



Wewe unayekaa Likasi, Kolwezi ao Luena umezoea kusikia filimbi ya gari la moshi usiku. Wewe wa Kamituga ao Nzibira, pengine reli umeiona katika picha tu. Mwezi huu nataka kukupeleka mahali pasipo na reli hata moja, na huko tuzungumze juu ya watu wanaolinda reli. Usicheke. Twende kwanza, utaelewa huko mbele.

KUTOKA BUKAVU

Safari hii niliifanya mwaka 2023. Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini, ziwa Kivu linabaki mkono wa kuume. Unapita vilima vya Kabare, mashamba ya ndizi na maharagwe, na akina mama wenye mizigo mgongoni, kamba imeshika kipaji cha uso. Unapita Mudaka na soko lake. Baada ya kilomita zaidi ya ishirini tangu mjini, unafika Miti.

Mgeni atauliza: kuna nini hapa? Kuna soko, kuna vibanda, kuna pikipiki nyingi na vijana wanaoita abiria. Kuna makabichi, viazi, na sambaza za ziwa zilizokaushwa. Lakini jambo kubwa la Miti si kitu kinachouzwa. Jambo kubwa ni kwamba hapa barabara inagawanyika. Njia moja inaendelea Kavumu penye uwanja wa ndege, kisha Katana, Kalehe, mpaka Goma. Njia nyingine inapinda kushoto, inapanda mlima kwenda Tshivanga, inaingia katikati ya pori la Kahuzi-Biega, inatokea Bunyakiri na Hombo, inaendelea Walikale.

Basi kila kitu kinakutana hapa. Makala ya kupikia yanashuka kutoka juu. Mbao zinashuka. Madini ya upande wa Kalehe yanapita. Chumvi, sabuni na mafuta vinapanda kutoka Bukavu. Mtu akiifunga Miti siku mbili tu, mama wa Bukavu ataona bei ya makala imepanda, na mama wa Bunyakiri atakosa chumvi. Nikisimama pale, nilijiambia: hii ni gare isiyo na reli.

RELI ILIYOKARIBIA

Je, unajua kwamba reli iliwahi kukaribia huku kwetu? Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walikuwa na reli ndogo katika bonde la Ruzizi, toka Uvira mpaka Kamanyola. Haikufika kilomita mia moja. Mizigo ilikuja kwa ziwa Tanganyika, ikapanda gari la moshi, na kutoka Kamanyola ikaendelea kwa barabara ya milima mpaka Bukavu. Reli hiyo ilifungwa mbele ya uhuru wa 1960. Milima iliishinda kupanda, na magari yakachukua kazi yake.

Kwa hiyo sisi wa Kivu tulibaki na barabara tu, lakini ndugu zetu wa kusini walibaki na reli. Reli ilifika Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville, mwaka 1910. Ile ya Kabalo mpaka Kalemie ilimalizika mwaka 1915. Na vijana wengi wa Kabare walishuka huko kutafuta kazi, katika migodi na katika reli. Mmoja wao nilimkuta Miti.

MUZEE ALIYETEMBEA NA TAA

Nilikuwa nimekaa kwa kibanda cha mama mmoja, ninakunywa chai, ninangojea gari. Kando yangu alikaa muzee mwembamba, amevaa koti nene ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa akiangalia kamio moja iliyobeba magunia mpaka juu, na juu ya magunia wameketi watu kumi na zaidi.

Akasema peke yake: “Bale bantu bataanguka.”

Nikamuuliza: “Unajua namna gani, Muzee?”

Akanitazama. “Kijana yangu, mimi nilifanyaka kazi ya reli. Askari wa reli, njo kazi yangu. Miaka kumi na minane.”

Nikamwomba anieleze. Nilifikiri ataniambia habari za bunduki na za kukimbiza wezi. Sivyo alivyoanza.

“Tulitembeaka usiku na taa,” alisema. “Tunaangalia chini.”

“Chini kuna nini?”

“Kuna buloni. Buloni moja ikikosa, hauone kitu, treni inapita. Zikikosa kumi mahali pamoja, treni inalala. Mwenye kuiba anafikiri ameiba chuma. Hapana. Ameiba bantu.”

Msomaji wangu, nataka ukamate neno hilo. Ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

KAZI YAO NI NINI?

Watu wengi wanafikiri polisi wa reli ni mtu wa kuchungulia tikiti na kufukuza watoto kwa gare. Kazi yake ni pana kuliko hapo.

Kwanza, analinda njia yenyewe: reli, buloni zake, mataruma yanayolala chini yake, nyaya za simu na za umeme. Pili, analinda mizigo. Treni inapopanda kilima inakwenda polepole, na hapo ndipo wezi wanaruka juu kuvunja kufuli za mabehewa. Tatu, analinda abiria katika gare na ndani ya treni, wasiibiwe, akina mama na wasichana wasisumbuliwe. Nne, analinda mahali barabara inapokata reli, kwa maana treni yenye mzigo haisimami kama pikipiki. Dereva akifunga breki, inaweza kwenda kilomita nzima ao zaidi mbele ya kusimama. Tano, ajali ikitokea, yeye ni kati ya watu wa kwanza kufika, kusaidia waliojeruhiwa na kuzuia wanaokuja kuokota mali za waliokufa.

Kazi hii ni ya zamani kama reli yenyewe. Uingereza, reli ya kutoka Liverpool mpaka Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, kampuni iliweka polisi wake kando ya njia. Kazi yao kubwa haikuwa kukamata wezi. Walisimama na kumwonyesha dereva kwa ishara kwamba njia ni wazi ao si wazi. Ni kusema, polisi alikuwa macho ya treni. Mtu asiyejua kusoma, aliyeketi ndani na watoto wake, uhai wake ulikuwa katika mkono wa yule askari aliyesimama mvuani.

RELI ILILINDWA, WATU JE?

Lakini kuna upande mwingine, na nisipokuambia nitakuwa ninakudanganya.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwa Victoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901. Waingereza waliweka vituo vya polisi kando ya njia hiyo, na kazi ya polisi hao ilikuwa kulinda vifaa vya reli na watu walioijenga. Njia ilipopita karibu na nchi ya Wanandi, wenyeji walichukua nyaya za simu wakafanya mapambo, na vyuma vya reli wakafanya silaha. Waingereza waliwaita wezi. Lakini Wanandi walijiuliza: nani alituomba ruhusa ya kupita katika nchi yetu? Vita vilidumu miaka. Mwaka 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa risasi mahali alipoitwa kwa mazungumzo ya amani.

Reli ililindwa. Watu wa mahali hawakulindwa.

Na hapo Miti, sikuhitaji kwenda mpaka Kenya kuona jambo hili. Ukipanda njia ile ya kushoto utafika Tshivanga, penye walinzi wa park ya Kahuzi-Biega. Park iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 mpaka kilomita za mraba 6.000, na mwaka 1980 ikaandikwa kati ya urithi wa dunia. Sokwe wakubwa wa huko wamelindwa na watu wenye uhodari, na walinzi wengi wamekufa kazini. Ni kweli na tuwaheshimu. Lakini ni kweli pia kwamba Wambuti, wanaoitwa na wengine Batwa, waliondolewa katika pori hilo, nao ndio waliolijua kuliko sisi wote. Mpaka leo wengi wao hawana shamba la kulima. Mlinzi akilinda kitu na kusahau mtu, kazi yake imebaki nusu.

Wengine duniani walichelewa kuelewa jambo hili, lakini walielewa. India ina kikosi kikubwa cha kulinda reli, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1957. Mwanzoni sheria ilikiambia kilinde mali ya reli. Ndipo mwaka 2003 sheria ikabadilishwa, abiria nao wakawekwa ndani ya kazi yake. Miaka karibu hamsini ilipita mbele ya kuandika kwamba mtu naye ni wa kulindwa kama behewa!

KUKU MMOJA

Nilimuuliza yule muzee: “Katika miaka kumi na minane, siku gani ilikuwa mbaya kuliko zote?”

Alinyamaza. Mama wa kibanda alituongezea chai. Ndipo akasema kwa sauti ndogo. Ninaandika maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka.

“Mshahara ilikuwa inachelewa. Miezi mbili, miezi tatu. Usiku moja vijana bakakuja kwangu. Bakasema: Papa, tuachilie tupande juu ya treni ya mizigo, hatuna feza ya tikiti. Bakanipa kuku na feza kidogo. Nikageuza uso, nikaangalia upande ya pori. Bakapanda.”

“Asubuhi nikarudi kwa nyumba. Bibi yangu akapika ile kuku. Tukakula na batoto. Saa sita ya muchana habari ikafika. Kwa kona, moja ya bale vijana alianguka. Alikuwa na miaka kama kumi na sita. Treni haikusimama, sababu dereva hakujua kama kuko mutu juu.”

“Bakakukamata?” nikauliza.

“Hapana. Hakuna mutu aliniuliza kitu. Kwa kitabu bakaandika: alipanda bila ruhusa.” Akaweka kikombe chini. “Bakaandika uongo. Ruhusa nilikuwa nimeitoa mimi.”

Sikujua la kumwambia. Yeye mwenyewe akaendelea: tangu siku ile hakupokea tena kitu cha mtu. Vijana walipokuja aliwashusha, hata kwa nguvu. Walimchukia, wakamwita mbwa ya reli. “Nikasikia furaha kuitwa vile,” alisema. “Mbwa hailali.”

Msomaji, labda wewe ni kijana, na umekwisha kupanda juu ya treni ya mizigo, sababu treni ya abiria haiji, ao sababu mfuko ni mtupu. Sikuhukumu. Lakini kumbuka Buyofwe, karibu na Lubudi. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022 treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke iliacha reli katika mteremko, mabehewa yakaanguka bondeni. Zaidi ya watu 60 walikufa. Haikuwa treni ya abiria. Watu wale walikuwa wamepanda kama yule kijana wa muzee. Sisemi ajali ilitoka kwa askari mmoja. Ninasema kwamba mtu anayepanda kwa kujificha, hata orodha ya majina haina jina lake. Siku ya msiba mama yake ataulizia wapi?

BARIYERI

Sasa unaelewa kwa nini nilikuleta Miti. Hapa reli yetu ni barabara. Na askari wa reli yetu ni yule mtu wa bariyeri, mwenye kamba ao mti uliolazwa njiani.

Kamio ile yenye watu juu ya magunia iliondoka tukiwa tunaona. Huko mbele, kwa bariyeri moja ambayo sitaitaja, nilipita baadaye kwa pikipiki, nikaona namna kazi inavyofanyika. Kamio inasimama. Motari anasimama. Mkono unatoka dirishani, mkono unapokea, kamba inashuka. Hakuna aliyeangalia magurudumu. Hakuna aliyehesabu watu walio juu. Mama mwenye kikapu cha makabichi naye alilipa, na kikapu chake hakikuwa hatari kwa mtu yeyote. Noti ile ya franka 500 ndiyo kuku ya muzee.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 182, inasema polisi ya taifa ina kazi ya usalama wa watu wote, na usalama wa watu pamoja na mali zao. Angalia mpango wa maneno: watu wametajwa kwanza, mali nyuma.

Wengine watasema: askari asiyelipwa afanye nini? Ni swali la haki. Mkubwa anayemweka mtu njiani bila mshahara amemfundisha kuomba, kisha kunyang'anya. Muzee wangu hakulisahau jambo hilo, alianza nalo hadithi yake. Lakini hakulitumia kujificha. Alijua mshahara uliochelewa ni kosa la wakubwa, na kijana aliyeanguka ni kosa lake. Akabeba lililo lake.

VITA VILIPOFIKA

Mbele ya kumaliza, nikuambie jambo moja la uchungu. Katika Februari 2025 vita vilishuka kwa njia hiyohiyo ya Kalehe na Katana. Tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu uliingia mikononi mwa AFC/M23, na tarehe 16 Bukavu. Mbele ya hapo watu wa Kavumu na Miti walikuwa wameona askari wakirudi nyuma, na jamaa nyingi zikikimbia na magodoro kichwani. Njia ambayo kila siku ilipeleka makabichi sokoni, siku zile ilipeleka watu.

Mimi sijapata kurudi Miti tangu safari yangu. Sijui kama yule muzee bado anakunywa chai pale. Lakini swali lake halibadiliki na mabadiliko ya wenye bunduki. Bendera inaweza kubadilika kwa bariyeri, kofia zinaweza kubadilika. Mama mwenye kikapu anabaki na swali lilelile: huyu amesimama hapa kunilinda mimi, ao kujilinda yeye?

KAZI YETU SISI

Usifikiri mambo haya ni ya askari peke yao. Huko kwenu katika migodi, chuma kina bei. Anayenunua vyuma vya zamani hakuulizi buloni imetoka wapi, wala nyaya zimekatwa wapi. Kenya ilifungua reli yake mpya ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, Tanzania ikaanza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme toka Dar es Salaam mwaka 2024, na nchi zote mbili zimeweka polisi kulinda njia hizo. Na shaba ya kwenu imeanza tena kupita kwa reli ya kwenda Lobito, huko Angola. Walinzi wataongezeka, bunduki zitaongezeka. Lakini hakuna nchi yenye askari wa kutosha kusimama kwa kila buloni. Njia ndefu inalindwa na wanaoishi kando yake. Nao wataipenda njia ikiwa njia nayo inawaletea kitu: chumvi, dawa, shule, haki ya kupita bila kunyang'anywa. Njia inayopeleka mali ya kijiji na kurudisha vumbi tu, nani atailinda kwa moyo?

Nilipopanda pikipiki kuondoka Miti, muzee aliniita tena. Nilifikiri anataka kuniaga. Akanyosha kidole kwa gurudumu la nyuma.

“Ile buloni,” alisema, “inacheza. Bakaze kwanza.”

Motari alicheka, lakini akashuka akatafuta ufunguo. Buloni ilikuwa inacheza kweli.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika mtaa wenu, ni njia gani ambayo ikifungwa siku mbili mtaumia? Nani anailinda?
2. Baba ao mama, umekwisha kutoa “kuku” ili mlinzi ageuze uso? Ungewaeleza watoto wako namna gani?
3. Vijana, rafiki yenu akileta chuma cha reli ao nyaya kuuza, mtamwambia nini, na mtamsaidia kupata feza kwa njia gani nyingine?